Zawadi ya kifaa cha kutunzia namba na ratiba: mambo ambayo boksi halisemi

Dukani, kifaa cha mkononi huchaguliwa kwa macho. Muuzaji anageuza boksi, anaonyesha idadi ya kamera, ukubwa wa kioo na zile GB zilizoandikwa kwa herufi nene, na mnunuzi anapima bei kwa maandishi hayo. Baadaye kifaa kinafika mikononi mwa mtu ambaye hana haja na hata kimoja kati ya hivyo. Yeye ana namba za watu alizozikusanya kwa miaka mingi. Ana tarehe za kliniki ya presha, siku ya kikao cha kikoba, orodha ya anaowadai, na kumbukumbu ya kiasi alichokwisha kumlipa fundi wa paa. Anatafuta mahali pa kuviweka, na anataka kesho avikute.

Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kumnunulia mwenzake kifaa cha namna hiyo kwa pesa za kawaida: shangazi aliyestaafu ualimu na sasa ni katibu wa kikundi, baba mwenye dawa za kumeza kwa saa, mama mwenye genge, kijana aliyeanza kupokea oda za kushona. Kwa watu hawa kupiga picha nzuri ni ziada. Kazi halisi ni nne: namba za watu, kalenda yenye kengele, orodha ya mambo ya kufanya, na maandishi mafupi ya kukumbuka. Na swali la kwanza la kuulizwa dukani ni hili: vitu vya mwenye kifaa vitakaa wapi, na kifaa kikifa vitatokaje?

Swali hilo ni la zamani kuliko simu janja.

Dola 99 za mwaka 2002

Kazi hizo nne ziliwahi kuwa na kifaa chao peke yake. Nchini Marekani, mwanzoni mwa 1996, ilitoka Pilot, kidaftari cha kielektroniki cha kuandikia kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo. Jeff Hawkins, aliyeibuni, alianza na kipande cha mbao: alikikata kwa ukubwa wa kuingia mfuko wa shati akawa anatembea nacho, na mtu akimuuliza kama ana nafasi siku fulani, anakitoa na kujifanya anaangalia kalenda. Alikuwa anataka kujua ni mambo gani hasa mtu hutafuta mfukoni akiwa kazini. Jibu lilikuwa machache, ndiyo maana Pilot ya kwanza iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya KB 128 tu (KB ni sehemu ndogo sana ya GB moja), na bado ilitosha.

Tatizo lilikuwa bei. Pilot ya kwanza ilikuwa dola 299, pesa ambazo watu wengi hawakuwa tayari kuzitoa kwa zawadi. Oktoba 2002 kampuni ya Palm, waliotengeneza Pilot, ikaleta Zire kwa dola 99, ikiwalenga hasa wale ambao hawajawahi kumiliki kifaa cha aina hiyo. Ilipunguzwa kila kilichoweza kupunguzwa. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa ya ndani. Haikuwa na tundu la kadi ya kumbukumbu. Kumbukumbu ilikuwa MB 2, na vitufe vya mkato vilibaki viwili, kimoja cha kalenda na kingine cha namba za watu. Msimu huohuo wa Krismasi, kwa takriban dola 200 baada ya punguzo, mtu aliweza kupata Dell Axim, kidaftari cha kampuni shindani, chenye kioo cha rangi, kumbukumbu mara nyingi zaidi na programu ya Microsoft.

Aliyesoma boksi alimhurumia mwenye Zire. Mimi naona wabunifu wake walichagua vizuri karibu kila kitu, kwa sababu walibakiza vile vitufe viwili. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuonekana dukani. Namba na miadi yote iliyoandikwa kwenye Zire ilikaa katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Betri ilikuwa ya ndani, haibadilishwi. Ukiisahau kabatini hadi chaji ikaisha kabisa, ukiiwasha tena unakuta kifaa kitupu kama kilivyotoka kiwandani. Palm walilijua hilo, na kinga yao ilikuwa kuiunganisha na kompyuta kwa waya, ubonyeze sehemu moja, na nakala ya kila kitu inahamia kwenye kompyuta.

Basi zawadi ileile ya dola 99 ilikuwa nzuri kwa mtu mwenye kompyuta nyumbani, na ya hatari kwa asiyekuwa nayo. Tofauti hiyo haikuhusiana na GB wala rangi ya kioo. Mwaka 2005 Palm ilitoa Z22, nayo kwa dola 99, ikiwa na kumbukumbu isiyofutika chaji inapoisha. Bei haikubadilika, ila kasoro kubwa kuliko zote iliondoka, na mnunuzi wa kawaida angeweza kupita mbele ya vifaa hivyo viwili bila kuiona.

Baadaye simu ilizimeza kazi zote nne. Kampuni ya kompyuta ya HP iliinunua Palm mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa vyake. Leo ukitafuta kidaftari cha kielektroniki kwa mtu wako, utanunua simu, hata kama hukukusudia kumpa simu. Na kasoro ya Zire imerudi, ikiwa imevaa nguo nyingine.

Namba zinakaa wapi

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba ya mtu katika simu janja ya Android inaweza kuwa imehifadhiwa sehemu tatu tofauti, na kwenye orodha zote zinaonekana sawa. Ya kwanza ni laini. Kadi ya laini huchukua majina kama 250 kwa kawaida, na kwa kila jina inatunza jina na namba tu: hakuna barua pepe, hakuna mahali anapokaa, hakuna siku ya kuzaliwa, na jina likiwa refu linakatwa. Ndiyo maana kwenye laini za wazee utakuta “Juma fundi ma” bila kujua ni wa magari au wa mabomba. Na laini ikipotea, ukienda kwa mtandao wako kuirudisha utapewa namba yako ileile kwenye kadi mpya isiyo na jina hata moja. Wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kuipokea.

Ya pili ni kumbukumbu ya simu yenyewe. Hapa nafasi si tatizo, na jina linaingia lote. Lakini simu ikiibiwa, ikidondoka majini au ikiungua bodi, majina yanakwenda nayo.

Ya tatu ni akaunti, na kwenye Android mara nyingi ni ya Google. Namba iliyohifadhiwa hapa iko kwenye simu na pia iko nje ya simu. Inafanya kazi bila bando, kwa sababu nakala yake ipo mkononi. Intaneti ikipatikana, mabadiliko yanapanda yenyewe. Ukinunua simu nyingine na kuingiza akaunti ileile, majina yanashuka. Hata ukifuta jina kwa bahati mbaya, Google hulitunza siku 30 kwenye kapu la vilivyofutwa. Hii ndiyo kazi ambayo kompyuta ya nyumbani iliifanya kwa Zire, ila sasa inafanyika bila mtu kubonyeza.

Shida ni kwamba simu haikulazimishi. Unapoandika jina jipya, juu au chini ya fomu kuna mstari mdogo unaoonyesha litahifadhiwa wapi, na ukishachagua laini mara moja, simu nyingi zitaendelea kuweka huko huko. Kalenda nayo iko hivyo: kuna kalenda ya simu na kuna kalenda ya akaunti, na tukio lililoandikwa kwenye ya kwanza halitokei kwenye simu mpya. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtu ana simu nzuri, ana akaunti, ana bando kila siku, na bado vitu vyake vyote vimekaa mahali vinapoweza kupotea kwa mkupuo.

Kuhamisha si kazi ngumu. Programu ya namba ina sehemu ya kuleta majina kutoka kwenye laini. Unachagua akaunti kuwa mahali pa kufikia, na yanaingia. Kutoka simu moja kwenda nyingine isiyo na akaunti, majina yote hufungwa katika faili moja lenye jina linaloishia na vcf, unalituma kwa Bluetooth au WhatsApp, na upande wa pili linafunguliwa. Hifadhi faili hilo hata kama akaunti ipo. Ni dogo sana, na linasomwa na karibu kila simu.

Akaunti ni ya nani

Kuna mtindo ambao umeenea kwenye maduka yetu ya simu, kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli Avenue, Nairobi, na unaniumiza kila ninapoukuta. Simu mpya ikiwashwa inaomba akaunti. Mnunuzi hana, au hakumbuki nywila. Muuzaji, kwa nia njema ya kumalizana na mteja, anatengeneza akaunti hapohapo kwa jina lolote, anaweka nywila anayoijua yeye, na dakika tano baadaye hata yeye amekwisha kuisahau. Mteja anaondoka simu ikifanya kazi. Majina yanapanda kwenye akaunti hiyo kwa miaka miwili au mitatu. Kisha simu inakufa, na hakuna binadamu anayejua namna ya kuingia.

Kibaya zaidi, tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa nguvu ili kurudi hali ya kiwandani inadai akaunti iliyokuwa ndani yake kabla haijakubali kutumika. Kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi, nayo ni nzuri. Lakini kwa mwenye simu aliyetengenezewa akaunti na muuzaji, siku fundi atakapoifuta ili kuondoa tatizo fulani, simu yake halali itamfungia nje.

Kwa hiyo kama zawadi yako ni simu, sehemu kubwa ya zawadi ni dakika arobaini za kukaa na mhusika na kumfungulia akaunti iliyo yake. Jina lake. Nywila anayoichagua yeye, iandikwe kwa mkono wake kwenye daftari linalokaa na vyeti na hati za nyumba. Namba ya kurejesha akaunti iwe ile anayoitumia kwa pesa za simu, kwa sababu hiyo hawezi kuiacha. Na kama anakubali, ongeza barua pepe ya mtoto wake mmoja anayemwamini. Usiibakize nywila yake kichwani mwako. Mtu mzima ana siri zake, na kifaa cha kutunzia mambo yake hakina maana kama anahisi kuna jicho lingine ndani.

Jambo moja zaidi kuhusu akaunti: Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Anayetumia simu kila siku haimhusu. Inamhusu anayepewa simu, akaipenda kwa mwezi mmoja, akarudi kwenye kitochi chake na kuiacha ile kabatini.

Sasa tusome boksi

Ukishajua vitu vitakaa wapi, maandishi ya boksi yanapungua uzito, lakini hayaishi maana.

Kuna namba mbili za GB na watu huzichanganya. Moja ni RAM, yaani nafasi ya kufanyia kazi wakati huo huo. Ikiwa ndogo, simu inasita unapohama kutoka WhatsApp kwenda kalenda. Nyingine ni hifadhi, panapokaa programu, picha na faili. Siku hizi boksi za simu za bei ya chini huandikwa RAM kubwa kuliko iliyomo. Utaona “GB 8” kwa maandishi makubwa, na pembeni kwa maandishi madogo “4+4”. Nne za kwanza ni RAM halisi. Nne za pili zinakopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi, na kila zinapotumika zinakupunguzia nafasi ya picha. Kwa maandishi yaliyopo muuzaji hasemi uongo, ila ukilinganisha simu mbili, linganisha namba ya kwanza tu.

Kwa kazi zetu nne pamoja na WhatsApp, GB 4 halisi zinatosha vizuri. GB 2 zinaweza kutosha kwenye simu zinazotumia Android Go, toleo jepesi ambalo Google ililitangaza mwaka 2017 kwa ajili ya simu ndogo. Kwa Android 13, GB 2 za RAM na 16 za hifadhi zilikuwa kiwango cha chini cha toleo hilo. Hifadhi ndiyo ningeiongezea pesa. Mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa ya GB 32 kabla mtu hajaweka chochote, na kikundi kimoja cha WhatsApp cha ukoo wenye kupenda video kinamaliza kilichobaki ndani ya miezi michache. Simu iliyojaa huanza kukataa kupokea, kukataa kuhifadhi, na mwenyewe anaanza kufuta vitu kwa kubahatisha. Nikiwa na pesa ya kuchagua kati ya kamera bora na kutoka GB 32 kwenda 64 au 128, nachagua hifadhi bila kufikiri mara mbili.

Betri za siku hizi nyingi ni mAh 5,000 (kipimo cha chaji inayobebwa), hata kwenye simu za chini, kwa hiyo haziamui.

Kinachoamua, na hakimo kabisa juu ya boksi, ni muda ambao mtengenezaji ataendelea kuipelekea simu masasisho ya usalama. Simu mbili za bei zinazokaribiana zinaweza kutofautiana sana hapo. Samsung, kwa mfano, ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 iliahidi masasisho kwa miaka sita, jambo ambalo kwa simu isiyo ya bei ya juu lilikuwa geni. Simu nyingine za bei ya chini hupata toleo moja jipya la mfumo, au hazipati kabisa. Kwa zawadi unayotaka idumu, muulize muuzaji swali hilo, na asipojua, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa pesa. Programu nazo huacha simu nyuma: mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4, na Mei mwaka huohuo ikaziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus.

Nimezitaja hizo iPhone kwa makusudi. Bado zimo kwenye meza za simu za mtumba, zinang’aa, zina jina kubwa, na kijana anayetaka kumfurahisha mama yake kwa pesa kidogo anavutwa nazo. Kwa kupanga mambo ya mtu ambaye kikundi chake chote kiko WhatsApp, hiyo ni zawadi iliyokwisha muda kabla ya kufungwa kwenye karatasi.

Mtumba, feki, na simu yenye deni

Simu iliyotumika inaweza kuwa chaguo zuri kuliko mpya ya bei ileile, hasa ikiwa ilikuwa ya daraja la kati na ina umri wa miaka miwili hivi. Lakini hakikisha mambo kadhaa ukiwa bado umesimama dukani.

Iwashe, nenda kwenye mipangilio, uone kama kuna akaunti ya mtu. Ikiwemo, aliyekuwa mmiliki aiondoe mbele yako kwa nywila yake, kisha simu ifutwe, iwashwe upya mpaka ifike kwenye skrini ya mwanzo bila kudai kitu. Kwa iPhone kinga inayofanana na hiyo ilianza na iOS 7, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2013, na simu yenye akaunti ya mtu mwingine haitakusaidia kitu hata kama kioo ni kipya.

Uliza pia kama simu ilichukuliwa kwa mkopo. Nchini Kenya, Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, mtu alilipa malipo ya mwanzo kisha shilingi 20 kwa siku, na mipango ya namna hiyo sasa iko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Imewapa simu watu ambao wasingeweza kuzinunua kwa mkupuo, na naiheshimu kwa hilo. Ila simu ya mkopo hufungwa kwa mbali malipo yakisimama. Mtu akiuza simu yenye deni, deni linabaki ndani yake, na wiki chache baada ya sherehe mpokeaji anaamka na skrini inayomdai. Na wewe mwenyewe ukitaka kutoa zawadi kwa mkopo, jiulize nani atalipa siku ya mia moja na ishirini. Zawadi ambayo inaweza kumfungia shangazi namba zake zote kwa sababu mwezi umekuwa mgumu kwako, mimi nisingeitoa. Afadhali simu ndogo iliyolipiwa yote.

Kuhusu feki, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, na uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Tanzania unaweza kuituma kwa ujumbe kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Kenya ni 1555. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika, rudisha. Si mambo ya nadharia: Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania usiku wa Juni 16, 2016, na waliolala wakiwa na simu waliamka na kipande cha plastiki, namba zao zikiwa ndani.

Kitochi nacho ni jibu

Kuna mtu ambaye simu janja itamtesa. Vidole vizito, macho, au hana tu hamu ya kujifunza kioo cha kugusa, na hiyo ni haki yake. Kwake simu ya vitufe inaweza kufanya kazi mbili kati ya nne vizuri kabisa: namba, na kalenda ya tarehe zisizobadilika pamoja na kengele zake. Chaji inakaa siku kadhaa. Kifaa kikianguka, kinaokotwa.

Udhaifu wake ni uleule wa Zire, kwamba hakuna nakala inayojitengeneza. Basi wewe mtoaji ndiye nakala. Hifadhi majina kwenye simu, siyo kwenye laini, kama simu ina nafasi. Kisha kama ina Bluetooth, yatume kwenye simu yako kama faili la vcf. Isipowezekana, kaeni myaandike kwa kalamu. Usimnunulie simu ya vitufe yenye KaiOS, mfumo mwepesi wa simu za namna hiyo, kwa ahadi kwamba itampa na WhatsApp: tangu katikati ya 2024 WhatsApp haipakuliwi tena huko, na mwanzoni mwa 2025 ikazimwa hata kwa waliokuwa nayo.

Saa, tarehe na lugha

Kabla ya kukabidhi, kuna jambo ambalo mwongozo wa ndani ya boksi haulitaji, kwa sababu haukuandikwa kwa ajili yetu. Simu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Baba akiambiwa hospitalini ameze dawa saa mbili usiku, akafungua kengele na kuweka 2:00, simu itamwamsha saa nane usiku. Dawa ya presha iliyokusudiwa baada ya chakula cha jioni inamezwa wakati wa usingizi mzito, au haimezwi. Ukibadilisha lugha ya simu kuwa Kiswahili, jambo ambalo Android inaliruhusu na nalipendekeza, maneno yanabadilika lakini hesabu ya saa haibadiliki.

Dawa yake ni kuweka mfumo wa saa 24, kwa sababu unaondoa mkanganyiko wa asubuhi na jioni, kisha kumwandikia kikaratasi nyuma ya kava: saa mbili asubuhi ni 8:00, saa saba mchana ni 13:00, saa mbili usiku ni 20:00. Zile saa zake tu, siyo zote ishirini na nne. Kengele za dawa ziweke wewe mara moja, zijirudie kila siku, na kila moja uipe jina la dawa yenyewe ili skrini iseme ni nini cha kumeza.

Kwa anayefuata mwezi wa Kiislamu, kalenda ya Google inaweza kuonyesha tarehe za Hijria pembeni ya zile za kawaida. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya kalenda mbadala. Inasaidia sana kwa mtu anayepanga safari, harusi au hitima. Lakini ni tarehe ya hesabu, haisubiri mwezi kuandama, kwa hiyo inaweza kupishana siku na tangazo la Kadhi au Mufti. Na inageuka saa sita usiku, wakati siku ya Hijria huingia magharibi. Mweleze hilo asije akaiamini kuliko anavyopaswa.

Kikao cha kikundi kiwekwe kama tukio linalojirudia: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, pamoja na kumbusho siku moja kabla, siyo dakika chache kabla kama simu inavyopendekeza yenyewe. Mtu anayepaswa kuandaa mahesabu anahitaji usiku mmoja.

Mwisho, jaribu. Ingia kwenye akaunti yake kupitia kivinjari cha kompyuta au simu nyingine, naye akiwa ameketi karibu, muone kama majina yapo na tarehe zipo. Hesabuni watu wake wa karibu mmoja mmoja: watoto, daktari, mweka hazina, jirani. Kisha utoke kwenye akaunti hiyo, yeye akiona. Simu yake ya zamani msiifute wala kumpa mjukuu siku hiyo. Ikae na laini ikiwa imetolewa, chaji ikiwekwa mara moja moja, kwa mwezi au miwili, mpaka aseme mwenyewe kwamba hakuna jina alilolitafuta akalikosa.